Chapa ya Punje ya Kahawa

Mwaka umetimia, Baba Kindness, tangu ulipotuacha. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kugonga migomba, nasi tukakulaza kihambani, shamba la ukoo wenu hapa Kirua Vunjo, karibu na mama yako. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Hilo hatumwulizi. Tunayo mengine ya kuuliza, lakini si kwake.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukirudi jioni kutoka Moshi mjini. Hukunawa nyumbani, ulikuwa umeshanawa kulekule karakana, kwenye beseni ambalo maji yake hayamwagwi, maana hata uchafu wa kucha za sonara una dhahabu ndani. Ulikung'uta suruali juu ya turubai, ukachana nywele juu ya gazeti, ndipo ukapanda gari la kuja kwetu. Mwanao Eliona alipokuwa mdogo alidhani kila baba huchana nywele akitoka kazini.

Mtori wa ndizi uliupenda wa moto mpaka machozi yatoke. Kwa hiyo sala yako ya chakula ilikuwa fupi: "Bwana Yesu, asante, kinapoa." Nilikukemea kila siku. Sasa nasali ile ndefu, na kweli kinapoa.

Kazi yako hukuifanya nyuma ya pazia. Yule bibi wa Chekereni aliyekatikiwa na pete shambani kwenye mpunga ulimpa kigoda, ukamwambia, "Kaa hapo bibi, mali yako usiipe mgongo." Akakaa akikutazama mpaka pete ikarudi kidoleni. Wenzako, Wenseslaus na Isack, ambao mlishiriki nao chumba kimoja na moto mmoja, walikuwa wakikutania kwamba unafundisha wateja kazi bure. Ulijibu kwamba anayeona haibiwi.

Neno hilo nimelishika, mume wangu. Nimekuwa mtu wa kuona.

Chapa yako wengi wanaijua: punje ndogo ya kahawa, imepigwa kwa ndani ambapo ngozi inagusa. Uliichonga mwenyewe kwenye kipande cha chuma, na patasi ikakuteleza, ule mstari wa katikati ya punje ukakatika kidogo upande wa chini. Ulikataa kuchonga nyingine. Ulisema Mungu naye hakuumba punje mbili zinazofanana. Mama wa Kichagga akiona punje ile iliyokatika kwenye hereni, hakuuliza tena kama ni dhahabu.

Na mlikuwa na sheria yenu pale karakana: mkono ukilala, chapa nayo ilale. Sonara akifa, chapa yake inasagwa kwa tupa mbele ya mjane, kisha anakabidhiwa chuma kikiwa kipara. Tulipomaliza matanga wakaniita. Chuma kilikuwa kimeshabanwa. Isack akapiga tupa, Wenseslaus akasoma Zaburi, mimi nikaona unga wa chuma unadondoka, macho yamejaa maji. Wakanifungia kwenye leso, nikashukuru, nikaweka kwenye sanduku pamoja na tai yako ya harusi.

Kumbe siku ile niliacha kuona.

Siku hizi mlango wa biashara umefunguliwa, Baba Kindness, kila kitu kinaingia. Kahawa inanunuliwa na yeyote mwenye gari na mizani, na vidani vya Dubai vinamwagwa kwenye maturubai kama dagaa. Vinang'aa kuliko vyako, kwa mwezi mmoja. Basi baada ya Pasaka Flavia, tunayeimba naye kwaya, akanivuta kando nje ya kanisa. Sikio lilikuwa limevimba, na kitobo kimekuwa kijani.

"Mama Kindness, usikasirike," akasema. "Hivi marehemu alikuwa anachanganya shaba?"

Hereni alizinunua stendi, kwa mchuuzi aliyemwapia kwa jina lako, kwamba ni kazi za mwisho za Elimringi wa Kirua, zimebaki chache. Nikazigeuza. Punje ya kahawa, na mstari umekatika chini. Haikuwa ya kughushi. Ilikuwa chapa yako yenyewe, imepigwa kwenye takataka ya Dubai, nawe umelala hapa chini ya migomba.

Nilifungua leso usiku huohuo, sikungoja. Chuma chako kilipigwa nyundo miaka mingi, kichwa kikatandazika pembeni kama uyoga. Hiki nilichopewa kichwa chake kilikuwa sawasawa, kama kimetoka dukani jana.

Nikashuka Moshi nacho ndani ya mkoba wa Biblia. Wenseslaus alikuwa anapuliza moto, Isack anang'arisha bangili, na binti yako Kindness yuko kwenye meza yako, ambayo sasa ndiyo yake.

"Karibu shemeji," akasema Wenseslaus. "Leo si siku ya soko."

"Sikuja sokoni. Nimekuja kuuliza chuma hiki ni cha nani."

Akakigeuza. "Si cha marehemu? Tulikukabidhi wenyewe."

"Cha marehemu kilivaa kofia. Hiki kina upara juu na chini."

Isack akacheka, kisha akaona sicheki. "Shikamoo kwanza, mama. Labda panya walikibadilisha."

"Marahaba. Panya wa Moshi wamesomea usonara?"

"Soko huria, mama. Hata panya wanafanya biashara."

Wenseslaus hakucheka. "Siku ile aliyeshika tupa ni Isack."

"Na aliyekitoa chuma kwenye droo ni nani?" akasema Isack. "Mzee, usinitupie mimi."

Basi. Kila mmoja alikuwa na kidole, na kila kidole kilimwelekea mwenzake. Kindness ameinama, anasugua mkufu ambao ulikuwa umeshatakata zamani.

Kwa ajili yake ndiyo sinyamazi. Ulimfundisha kazi, ukamwachia meza, na meza ya sonara inasimama juu ya jina. Sasa watu wanamletea pete ya kukaza, halafu wanainusa ikirudi. Mama mmoja alimwambia usoni, "Mwanangu, mimi nampelekea Mhindi, huyo hana marehemu." Jina likifa, mtoto atakaa kwenye kigoda akipasha moto hewa.

Kwa hiyo nimekuwa nikishuka na uzi wangu na kukaa mlangoni pa karakana, nafuma kitambaa. Isack aliniuliza ni cha meza ya ukubwa gani. Nikamwambia ni ile ya Karamu ya Mwisho, kinatakiwa kiwafikie wote, hata Yuda pale pembeni. Tangu hapo haniulizi.

Nimeona haya. Wenseslaus ameweka kufuli kwenye droo ambayo tangu mwanzo ilikuwa wazi, na anasema ni kwa ajili ya Isack. Isack anakwenda Namanga mpakani mara kwa mara, na anasema anamsalimia shangazi. Shangazi huyo msibani kwako hatukumwona. Mmoja anaongea mno, mwingine haongei kabisa, na mimi sijui lipi ni baya zaidi. Simtaji mtu kwa uovu. Nataja nilichoona.

Juma lililopita nilipokwenda kukata majani ya ng'ombe, nikakuta jani la sale limelazwa juu ya kaburi lako, limepigwa fundo. Nyasi za njiani zilikuwa zimekanyagwa. Mbwa hakubweka, kwa hiyo ni mtu anayemjua, na wote wawili anawajua.

Kwetu sale ni jani la kuomba msamaha, na likiletwa na aliyekosa hulikatai, hata awe amekufanya nini. Nililelewa hivyo na sitabadilika uzeeni. Lakini jani halijileti lenyewe. Nilimweleza mchungaji wetu, akaniambia, "Mama, samehe." Nikamwuliza, "Nimsamehe nani, Mchungaji?" Akasema, "Huyo aliyeleta." Nikamwambia, "Ndiye ninayemtafuta." Na tena, aliyekosewa si kaburi peke yake. Yupo Kindness, yuko Flavia na sikio lake. Marehemu hawezi kutusamehea.

Jani nimeliacha palepale. Sikulipokea, sikulitupa.

Basi Jumamosi hii, baada ya ibada ya kukukumbuka hapa usharikani, tutatembea mpaka kihambani, kisha watu watapanga mstari kutupa mkono kabla ya ndizi na pombe ya mbege. Wenzako wote wawili nimewaalika kwa mdomo wangu. Desturi yetu wanaijua, pole ya mfiwa hupenyezwa kiganjani, na hakuna anayechungulia mkono wa mwenzake. Chapa ni fupi kuliko kidole. Mwenye nayo aje nayo hivyo. Nitafumba mkono, nitamwambia asante kwa kuja, wala sitamtazama usoni kuliko nilivyowatazama wengine. Sitamwuliza kwa nini. Sale limeshanizuia, na Baba Yetu tunayoisali pia imenizuia. Kindness ataisaga kwa mkono wake, na safari hii mjane hatalia, ataangalia.

Mikono ikija mitupu, nitaisalimu vilevile. Jumatatu nitashuka na uzi wangu. Kitambaa bado ni kifupi.

Na wanaosoma tangazo hili wajue: punje ya kahawa iliyonunuliwa baada ya mazishi yako haikutoka mkononi mwako, hata muuzaji aape kwa jina la nani.

Pumzika, Baba Kindness. Ulilala ukiamini kila mtu, nami nilikuwa nikikusema kwa hilo. Lala tu, zamu ni yangu.

Wanaokukumbuka: mkeo Eliaichi, watoto wako Kindness na Eliona, dada yako Yuditha wa Shirimatunda, wanakwaya wenzetu, na wenzako wa karakana, Wenseslaus na Isack, wote wawili, mpaka Jumamosi.

Daima tutakukumbuka, na jina lako hatuliachi mezani bila mtu.