Nilikanyaga Breki kwa Heshima

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi kwako na kwa wote unaowasaidia. Nakuomba unisome hadi mwisho na usinicheke, na kama itakushinda basi cheka kwanza kisha urudi unijibu, kwa sababu mwenzio nina jambo limenikaa kifuani na kulipeleka kwa kiongozi wetu wa ibada naona haya, maana nitaanzaje kumwambia kwamba dhambi yangu iko kwenye mguu wa kulia.

Mimi ni mama wa makamo, shule sikufika mbali, nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka na mapazia ndiyo maisha yangu, na mume wangu ni fundi wa friji mwenye kibanda chake hapo barabarani. Watoto wetu ni pacha, mmoja ameoa na mwingine ameolewa, kila mtu yuko kwake. Walipoondoka nyumba ilipoa, mshauri. Baba watoto akawa akimaliza kazi anabaki ameketi humo humo kibandani na friji zake, akirudi anakula kimya, nikimuuliza habari za leo anasema kama za jana. Nilimwombea sana. Sasa sijui niliombaje, maana majibu yalikuja na magurudumu manne.

Mteja wake mmoja alimchukua Jumamosi moja wakaenda kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ndege haziji tena hapo, siku hizi watu wazima wenye kazi zao na akili zao wanaenda kuzungusha magari yao wenyewe, gari moja linaingia, linapimwa kwa saa, linatoka, linaingia jingine, na anayewashinda wenzake anapigiwa makofi basi, anarudi nyumbani kama alivyokuja. Siku hiyo baba watoto alirudi akala huku anaongea. Nikasema asante Mungu. Kumbe ndio kwanza alikuwa anaanza.

Sasa mtaa mzima unamwita Kona, na yeye anaitika. Kigari chetu chekundu amekitoa viti vya nyuma ili kiwe chepesi. Mama mkwe alipokuja kutusalimia tulimpokea kituoni, akachungulia ndani ya gari, akauliza kwa upole, "Mwanangu, mmefilisika?" Alikaa yeye mbele, mimi nikarudi kwa basi pamoja na mizigo yake. Tena baba watoto anasema dereva ni shingo na mapaja, kwa hiyo kila asubuhi anavaa helmeti sebuleni analaza kichwa huku, analaza kule, kisha anachuchumaa na kuinuka akiwa amekumbatia mtungi wa gesi, na mimi chai yangu inasubiri mtungi umalize mazoezi. Ijumaa jioni ni filamu, na filamu zenyewe ni za magari kufukuzana, lakini hatufiki mwisho, kwa sababu kila jambazi akikata kona baba watoto anasimamisha picha na kunieleza jambazi amekosea wapi.

Na mezani ndiko kwenye shule. Anachukua kibakuli cha chumvi, hicho ndicho kona, kijiko ndicho gari. Ananiambia ingia pole, toka na kasi, macho yatangulie unakokwenda yasibaki ulipo, usukani usiunyonge kama unakamua shuka. Mimi nasikiliza, nashukuru Mungu mume wangu anaongea. Ila nikienda naye uwanjani kumshikia chupa ya maji, namwona mwenyewe anaingia kwenye kona kama anafukuzwa na nyuki, gari linakwenda upande, anatoka amechelewa, na jioni anarudi mezani kunifundisha tena kuingia pole. Hajawahi kushinda, mara nyingi huwa wa pili kutoka mwisho, lakini anavyosimulia utadhani alikuwa wa kwanza na wengine walikosea njia.

Basi mwezi uliopita wakatangaza siku ya wake kujaribu. Mimi gari naendesha, alinifundisha yeye zamani, lakini ni ile ya kwenda kazini na kurudi, sijawahi kumpita mtu bila kumwomba radhi kimoyomoyo. Akanifunga helmeti juu ya kitambaa changu cha kichwa, akanikaza mkanda, nikasali, nikaondoka. Asubuhi ilikuwa ya majaribio. Kwa kuwa sina ujuzi wangu mwenyewe nilifanya yale yale ya mezani, kila kona niliiona ni kibakuli cha chumvi. Niliposimama, bibi anayepima muda akanisogelea dirishani, baba watoto yupo mbali na gurudumu letu la akiba kwenye foleni ya kujaza upepo, akanionyesha ile saa yake na kuninong'oneza, "Shoga, umeupita muda wa Kona wa wiki jana. Mchana kaza hivyo hivyo, nataka kuuona uso wake."

Mshauri, mchana nikaingia, na sijisifu, nilizunguka vizuri kuliko asubuhi, gari lilikuwa linateleza kama pasi yenye moto wa kutosha. Nikatoka kona ya mwisho nikampita baba watoto amesimama kwenye uzio, pale njia inapoanza kunyooka, mikono yote miwili juu, anashangilia, na mbele yangu naona mstari wa mwisho na yule bibi na saa yake. Hapo nikamkumbuka mume wangu kibandani, ameketi na zile friji, amenyamaza. Nikaona akijua kwamba hata mke wake wa mashuka anampita, ataacha, atarudi kule. Nikakanyaga breki. Si kidogo. Nilivuka ule mstari kama mtu anayetafuta pa kuegesha. Muda ukasomwa, nikawa nyuma ya mume wangu kwa kiasi cha heshima, watu wakapiga makofi, na bibi wa saa akanitazama kama nimemwibia.

Nilidhani yameisha. Njiani kurudi baba watoto alikuwa kimya, kisha akaniuliza, "Breki zilikuwa sawa?" Nikamwambia zilikuwa sawa, labda mguu uliteleza. Kesho yake tulipotoka kwenye ibada hakubadilisha hata nguo, alifungua magurudumu yote manne, akaingia ndani na mikono myeusi akaniambia breki hazina kasoro. Ijumaa yake akaweka filamu, akaisimamisha mahali ambapo si pa kona, ni pale dereva mmoja anapunguza mwendo makusudi ili rafiki yake apite, akaniuliza huyu namwonaje. Nikamwambia namwona ana heshima. Akazima televisheni. Juzi tena ameleta glavu za kuendeshea, ndogo, vidole vyake haviingii, nikamwambia arudishe dukani wamempunja saizi, akaziweka juu ya friji bila neno.

Na sasa ametuandikisha kwenye siku ya wanandoa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mume anazunguka, mke anazunguka, na muda unasomwa kwa kipaza sauti. Hakuniuliza. Amemwalika mama mkwe, amewaalika majirani, amewaalika hata akina mama wenzangu wa ibada, na wao wanasema watakuja na miavuli na viti vyao. Naona amekusudia kunishinda mbele ya watu ili moyo wake utulie, nami niko tayari kushindwa, lakini dhamiri inanisuta. Nimeomba mvua inyeshe siku hiyo, kisha nikakumbuka mashuka ya hospitali tunayaanika juani, nikarudi kuomba ombi la kwanza lifutwe. Mshauri, kukanyaga breki ni uongo? Nikanyage tena nimwokoe mume wangu, au nijifanye naumwa, na huo pia ni uongo, au nifanye nini? Sitaki nyumba yangu ipoe tena.

Ni mimi,
Mke wa Kona

*

Mke wa Kona,

Nimecheka kwanza, kama ulivyoniruhusu. Sasa nimerudi.

Dhambi na thawabu sizigawi mimi, hizo utaongea na Mungu wako, na nasikia mnaongea mara nyingi. Lakini mguu wako haukuteleza, dada yangu. Ulikwenda ulipotumwa. Aliyeulizwa na mumewe swali la wazi ndani ya gari akajibu kwamba mguu uliteleza ni wewe, kwa hiyo tusihangaike sana na breki wakati mdomo upo.

Unaiita heshima. Mimi nimewahi kuiona heshima ya namna hiyo. Ndiyo tunayowapa watoto wadogo tukikimbizana nao uani, tunajikwaa makusudi ili wafike wa kwanza na wasilie. Mumeo ni mtu mzima anayekumbatia mtungi wa gesi kila asubuhi. Atahimili.

Unasema akishindwa ataacha. Akishindwa na nani? Umeniandikia kwa mkono wako kwamba mara nyingi ni wa pili kutoka mwisho, na kila jioni anarudi anaongea. Huyo hakuponywa na kushinda, maana hajaonja. Aliponywa na kuwa na la kusimulia na mtu wa kumsimulia. Nyumba yenu haikupashwa moto na lile gari bovu lisilo na viti. Ilipashwa moto pale kwenye kibakuli cha chumvi, wewe umekaa upande huu, yeye upande ule. Tangu siku ile ya wake, umeona anavyonyamaza? Unachokiogopa kimeshaanza, na hakikuletwa na ushindi wako. Kimeletwa na breki yako.

Sasa nisikilize vizuri, maana umeniandikia kila kitu na kusahau kukisoma. Ulimpita mumeo amesimama kwenye uzio. Ukishampita mtu, anabaki anatazama nini? Nyuma ya gari lako. Na nyuma ya gari kuna nini? Kuna taa za breki, mama. Nyekundu, mbili, na kwa fundi kama yule nina hakika zote zinafanya kazi. Ulipokanyaga ziliwaka mbele ya mume wako na mbele ya wote waliosimama kwenye uzio. Ambaye hakuziona ni mtu mmoja tu, naye alikuwa ameshika usukani.

Anajua. Anajua tangu ile ile sekunde.

Rudi sasa usome barua yako upya. Njiani alipokuuliza kuhusu breki alikuwa anakufungulia mlango, ukaufunga. Alifungua magurudumu manne akiwa na nguo za ibada kwa sababu alitamani sana kosa liwe la chuma. Hakulikuta. Akaleta filamu, na mimi nawaza ilimchukua muda gani kutafuta yenye dereva kama wewe, ukamwambia dereva ana heshima. Maskini ya Mungu akaleta glavu. Ndogo. Za mkono wako. Ukamwambia arudishe dukani.

Dada yangu, mtu anayekusudia kukuaibisha mbele ya mama mkwe hakununulii glavu. Amewaita watu wote hao waje wamwone mkewe. Anachongoja ni uache kumlinda.

Basi fanya hivi. Leo, kabla hujapakua chakula, chukua zile glavu juu ya friji uzivae. Kaa mezani nazo. Akikutazama, mwambie maneno haya na usiyazungushe: "Nilikanyaga breki makusudi, na nilikudanganya kuhusu mguu." Ukitaka kulia subiri kidogo, kwa sababu bado kuna sentensi moja, na hiyo ndiyo ya maana: "Nilikwenda vile kwa sababu nilifanya ulichonifundisha." Ni kweli tupu, na hakuna mwalimu atakayeacha kazi akiambiwa hivyo. Baada ya hapo atasogeza kibakuli cha chumvi akueleze kona ya mwisho. Msikilize kama kawaida. Ukiona amechangamka, muulize kwa adabu kwa nini yeye mwenyewe haingii pole. Ila hilo lingoje mpaka awe ameshiba.

Maombi ya mvua yakome. Wagonjwa wanahitaji mashuka. Kujifanya unaumwa pia kukome, unafanya kazi hospitali, watakubaini.

Na wewe Kona, najua utaisoma barua hii, maana nani mwingine mtaani ana mtungi wa gesi wenye misuli. Hongera kwa mke na hongera kwa uvumilivu, lakini na wewe ungeweza kusema "nimeona" badala ya kuhangaika na filamu. Tena rudisha kiti cha nyuma, angalau kimoja, kabla ya Jumamosi hiyo. Mama yako anakuja kutazama mbio, na safari hii mkeo asirudi kwa basi.

Mke wa Kona, siku ikifika, sali kama ulivyozoea, vaa glavu, ingia pole, toka na kasi. Ukitoka kona ya mwisho utamkuta pale pale kwenye uzio, mikono juu. Mpite. Akikutazama nyuma, asione taa yoyote.