Baba Alipokuja Kutazama Mieleka

Ijumaa usiku

Afadhali Baba angebaki nyumbani, kama siku zote.

Tangu Kaka Salim aache mpira wa chuo na kuingia kwenye mieleka ya kulipwa, Baba hakuwahi kwenda kumtazama. "Nimemsomesha ili avue nguo mbele za watu?" Leo Mama alimbembeleza, tukaenda sote ukumbini hapa Sib, mji wa Waarabu tunakoishi.

Kaka hucheza mtu mbaya. Kazi yake ni kutukana kwa Kiarabu, kisha kupigwa. Watu walimzomea, nami nikazomea, maana ndivyo anavyotaka mwenyewe. Kisha mpinzani wake, jitu lenye barakoa, akamrukia mguuni, na Kaka akapiga kelele, "Mama! Goti, Mama!"

Kwa Kiswahili, lugha yetu ya nyumbani. Ulingoni hasemi Kiswahili kamwe. Mimi na Mama tukasimama papo hapo.

Ukumbi mzima ulicheka. Baba naye alicheka hata akajifuta machozi, akimpiga bega jirani yake: "Mwanangu huyo! Mtazame anavyojua kuigiza!"

Daktari anasema kano za goti zimekatika. Hakuahidi kama Kaka ataweza kukimbia tena. Baba alibaki nje kwenye gari, akakataa kuingia hospitali.

Kaka aliniuliza jambo moja tu. "Baba alicheka?"

"Alicheka sana."

"Basi kapenda," akasema, akafumba macho huku akitabasamu.

Sikumwambia alicheka wakati gani. Namwomba Mungu, Baba naye asije akamwambia.