Kozi Hakuwapo

Kaka Alban,

Majani yameshakuwa mekundu huku, na bata bukini wanapita kwenda kusini. Mama anakula kidogo.

Haya, umeuliza kuhusu Baba. Tulikuwa ukingoni mwa mlango wa mto na darubini zetu. Baba alishuka kwenye tope kumfuata ndege mgeni. Ghafla chamchanga wote, wale ndege wadogo wa topeni, wakaruka. Unajua: wakiruka hivyo, ni kozi, yule ndege mla ndege, kaja kuwinda.

“Mtafuteni juu, wavivu nyie!” Mjomba Fidèle akapiga kelele.

“Simwoni, Mjomba!”

Tulikodolea macho anga mpaka shingo zikauma. Kozi hakuwapo. Aliyewatimua ni Baba, akipunga mikono, tope limemfika kifuani, maji yakijaa.

Nilipoteremsha darubini, kofia yake ilikuwa inaelea, na chamchanga walishaanza kutua.

Usiniulize tena.

Dadako,
Odile