Sikio la Lydia, Mwaka wa Tatu

Jumamosi, 2 Agosti 2025
Stanley amekuja kabla hata sijaweka chai. Mwanangu huyu akiwa na jambo zito hukagua kwanza paa la nyumba yangu. Leo amelikagua sana. Kisha: Mama, mtihani wa kidato cha pili ni Novemba. Lydia aache ilimba. Jumamosi ijayo anaanza tuisheni kule Majengo.

Nikamwambia binti yake yuko mwaka wa tatu wa kupiga ala hiyo yetu ya vyuma, na huu si umri wa kukatisha. Akacheka. Ati hajawahi kuona swali la ilimba kwenye karatasi ya fizikia.

Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na mbili, kunyamaza sikuweza. Sikio hupokea tu. Kinachosikia ni ubongo, na ubongo wa mtoto wa miaka kumi na minne bado unalimwa. Njia zinazotumika zinanenepa, zisizotumika zinang'olewa – kama tunavyopunguza miche ya uwele. Watafiti wamewapima vijana wanaojifunza ala shuleni, mwaka baada ya mwaka, wakaona ubongo wao unapokea sauti kwa usahihi zaidi. Wapo wanaosema huwasaidia pia kushika maneno ya mtu penye kelele. Na darasa la Lydia lina wanafunzi themanini, bati juu, hakuna dari. Sikumwahidi A. Sayansi haiahidi hivyo.

– Sawa, Mwalimu, akasema. Akiniita Mwalimu badala ya Mama, najua nimeshindwa.

Jumapili, 3 Agosti
Mzee Bartolomayo, anayewafundisha watoto ilimba uani kwangu, yuko msibani Buigiri hadi Ijumaa. Baada ya ibada nikaona nimsaidie. Ilimba zake tano ni masanduku ya mti yenye vyuma vyembamba juu. Ukikivuta chuma kikawa kirefu, sauti inashuka. Ukikigonga kikaingia ndani, inapanda. Nikapakua kwenye simu programu ya kupimia sauti. Mshale ukikaa katikati, rangi ya kijani. Saa nne nzima, kwa nyundo ndogo ya Bartolomayo mwenyewe. Zote kijani. Nimejisikia fundi.

Jumatatu, 4 Agosti
Lydia alirudi kutoka shule, akagusa ilimba moja, akaiweka chini. Akashika ya pili.

– Bibi, nani kazichezea?

Nikamwonyesha simu. Akaitazama ile kijani kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Akasema chuma hiki kimepanda. Na hiki. Na kile cha juu. Kiasi gani? Kidogo, Bibi, ila wimbo umekuwa kama wa kinanda cha kanisani.

Nimepiga mwenyewe. Sisikii tofauti. Nina miaka sabini na moja. Sauti nyembamba zilinihama zamani.

Kosa ni langu. Programu ile inajua sauti za kinanda tu. Sisi Wagogo tuna sauti moja inayokaa chini kidogo ya ile ya kinanda, na nyimbo zetu zimeiegemea. Simu iliiona mbovu, nami mwenye shahada nikaiamini simu.

Alhamisi, 7 Agosti
Siku nne Lydia anazirudisha zilivyokuwa, nusu saa kila jioni baada ya kazi za shule. Hana kipimo chochote. Anaimba mdomo umefungwa, anagonga, anasikiliza, anavuta kidogo. Nikamuuliza anajuaje kwamba imefika.

– Vinaacha kugombana, Bibi.

Amemaliza ya tano leo. Ila kama amekosea, Jumamosi nitamtetea mbele ya baba yake kwa ilimba zilizoharibika mara mbili.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane
Bartolomayo amerudi. Sikumwambia kitu, maana kipimo cha haki ni cha mtu asiyejua anapima nini. Alipiga ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Macho amefumba.

– Mwalimu, mbona vumbi la mwaka huu halijazilegeza hata moja?

Nikaungama yote. Kwa habari ya simu alicheka mpaka akakaa chini. Kwa habari ya Lydia hakucheka. Alisema yeye alifika hapo akiwa tayari na ndevu.

Nimejivuna mchana kutwa. Hata muuza mchicha amesimuliwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Naandikia mlangoni, bado wapo uani. Stanley amefika saa tatu na bajaji, dereva anasubiri nje. Daftari jipya mkononi. Nikamweleza alichofanya binti yake wiki hii. Akanitazama kama namuuzia kitu.

Lydia hakubishana. Akampa nyundo.

– Baba, haribu chuma kimoja. Mimi nageukia ukutani.

Stanley akagonga, kidogo mno. Mimi sikusikia kilichobadilika. Yeye pia, naona. Lydia akapitia vyuma vyote mara moja, akakirudisha kile kile. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu baba mtu akafanya ujanja: aligonga ubao tu.

– Hujagusa chuma, Baba.

Honi ya bajaji. Stanley akajibu kwa sauti, tunakuja. Lakini daftari ameliweka juu ya ndoo, akavuta kigoda. Piga basi huo wimbo, amesema. Wote.

Anapiga. Honi ya pili. Stanley ameinamisha kichwa karibu na sanduku, anatafuta kwa sikio lake kile ambacho mwanawe anakisikia.

Honi tena, ndefu. Ameinua mkono kumtuliza dereva, bila kugeuza kichwa.