Rungu la Kaka

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, mke wako na mapacha. Lile goti lililokuwa likikutesa wakati wa baridi limepoa? Na mapacha wameshasimama, au bado wanaburuta makalio sakafuni kama ulivyotuambia? Sisi huku tunapumua. Zaidi ya hapo siwezi kusema, na utaona kwa nini.

Usinicheke mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, leo siku ya tatu, mistari michache michache, maana wa kulia uko ndani ya plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Mama alikwambia kwenye simu kwamba niliangukiwa na geti karakana, na kwamba Kaka alianguka na pikipiki. Mjomba, hakuna geti wala pikipiki. Mama anakupenda na anaona haya, ndiyo maana. Lakini mficha uchi hazai, na wewe ndiye uliyetufungulia masikio mimi na Kaka. Wewe hustahili kudanganywa.

Nianze na unayoyapenda, nisije nikayasahau. Kutu wametoa albamu ya pili! Nyimbo tisa, wamejirekodia wenyewe ndani ya stoo ya matairi, hakuna kampuni, hakuna bosi wa kuwaambia wapunguze kelele. Bado ni wale wale watatu: Msumari anaimba na kupiga gitaa, na mchana anauza dawa kwenye duka lake, yule dada mkimya yuko kwenye besi, na Kijiti, mwalimu wa hesabu mwembamba kama jina lake, yuko nyuma ya ngoma. Wimbo wa nne gitaa linalia kama mashine yangu ya kukatia ikila chuma. Niliusikiliza nimesimama, nikashindwa kukaa.

Mwaka jana sikukosa onyesho lao hata moja. Yalifika kumi na moja, pamoja na lile walilopiga kwenye ua wa dobi tukiwa watu kumi na tisa na mbuzi mmoja. Unajua tunavyocheza mbele ya jukwaa. Tunarukaruka, tunagongana mabega, anayeanguka anainuliwa kabla kisogo hakijagusa chini. Anayetazama kwa mbali atadhani ni vita. Miaka yote hiyo sijawahi kuvunjika hata kucha.

Kaka ameacha kuja siku nyingi. Tangu avae sare ya ulinzi, miaka miwili sasa, anasema kelele zimemchosha. Yeye, Mjomba! Aliyekuwa akigombania kanda zako na mimi mpaka Mama anatumwagia maji. Nikadhani ni uchovu wa kazi tu, sikumuuliza.

Sasa lile tamasha. Lilifanyika Jumamosi ya mwisho ya Januari, mchana kweupe, kwenye kile kiwanda cha matofali kilichofungwa. Bendi sita zote za kujitegemea. Jukwaa nililichomelea mimi mwenyewe kwa mabomba ya jengo, siku mbili kazini. Watu walikuwa kama mia nane, jua kali, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Wenye tamasha walikodi walinzi, maana mwenye kiwanda alishikilia kwamba bila walinzi hafungui geti. Walikuja thelathini na marungu mapya. Kaka alikuwa mmoja wao. Nilimpungia mkono, akageuza uso.

Kutu walipanda saa tisa alasiri. Wimbo wa kwanza, sawa. Wa pili, tukaanza kugongana kama kawaida yetu. Mkuu wa walinzi, jitu moja lenye shingo ya fahali, akaona watu wanasukumana akapuliza filimbi. Mlinzi mmoja akaingia katikati yetu, akamshika binti mmoja nywele, akamburuta mpaka kwenye uzio. Mpenzi wake akamrukia mlinzi yule. Rungu likashuka kwenye kichwa cha kijana, nikasikia mlio wake hata juu ya gitaa.

Msumari akaacha kuimba. Akasema kwenye maikrofoni, "Mwacheni! Hatupigani hapa, tunacheza!" Chupa ikaruka kutoka nyuma ikampata mlinzi shavuni. Mkuu akaamuru umeme ukatwe. Spika zilipozimika ndipo tulipogundua watu walikuwa wakipiga mayowe muda mrefu.

Walinzi wakaingia kwa mstari, wakipiga yeyote aliye mbele yao. Waliokimbia walipigwa mgongoni, waliosimama walipigwa usoni. Niliona mzee mmoja wa makamo, mwuza fulana za bendi, akipigwa huku amekumbatia boksi lake. Kijiti akaruka kutoka jukwaani kwenda kumvuta. Hakuwa na kitu mkononi zaidi ya fimbo zake mbili za ngoma. Mlinzi akamwangusha, akakanyaga mkono wake, akaupiga rungu kwenye kifundo. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mlinzi yule alikuwa Kaka.

Sikufikiri. Nilijitupa kati yao, nikanyoosha mkono wa kulia juu ya Kijiti. Mama anasema Kaka hakunitambua, vumbi lilikuwa jingi, damu ilikuwa imemwingia machoni. Si kweli, Mjomba. Tulikuwa karibu kama mimi na hii karatasi. Alinitazama. Aliniita, "Kifaranga," lile jina la utotoni analoniita yeye peke yake. Kisha akapiga. Mfupa ulilia kama kuni kavu.

Hapa ndipo ninapotaka unisome polepole, kwa sababu sitaki unione malaika. Stendi ya maikrofoni ilikuwa imelala ukingoni mwa jukwaa. Niliishika kwa mkono wa kushoto. Unajua mikono ya fundi chuma. Nilimpiga Kaka goti, akapiga magoti. Nikampiga mdomoni. Meno mawili yakatoka na damu kwenye vumbi, nami nikayaona, nikainua tena. Nilipiga mara ya tatu alipokuwa ameshaweka mikono kichwani.

Watu walipomwona mlinzi yuko chini, wakaja. Mjomba, wale ni watu ninaowajua. Ni watu tuliokula pamoja, tuliobadilishana kanda, tuliolala nao kwenye stendi za mabasi tukifuata bendi. Wakaanza kumpiga mateke. Mmoja alikuwa na tofali. Walikuwa wanahesabu, "moja, mbili, tatu," kama Kijiti anavyohesabu kabla ya wimbo, wakipiga kwa pamoja.

Nikapiga kelele kwamba ni kaka yangu. Hakuna aliyesikia, au walisikia. Basi nikamlalia. Mkono uliovunjika ulikuwa chini ya kifua chake na kila teke lililonipata mimi lilisukuma mfupa. Nilipigwa mbavuni, kisogoni, kiunoni. Alikuwa anatetemeka chini yangu kama mtoto mwenye homa. Sijui ni muda gani. Msumari ndiye aliyetutoa, yeye na yule dada wa besi, wakizungusha magitaa yao kama mashoka mpaka watu wakarudi nyuma. Gitaa la Msumari lilivunjika shingo kwenye bega la mtu. Mkuu wa walinzi alishaondoka na gari, akawaacha vijana wake wanane wakivuja damu kiwandani.

Hakufa mtu, Mungu ni mkubwa. Lakini Kaka taya lilipasuka, na jicho la kushoto daktari amesema limekwisha. Kijiti amewekewa vyuma kwenye kifundo. Anaandika ubaoni kwa mkono mwingine na wanafunzi wanamvumilia, ila kuhusu ngoma daktari hakutaka hata kukisia. Binti aliyeburutwa amerudi kazini. Mpenzi wake bado anasahau majina ya watu.

Walitulaza hospitali moja, wanaume ghorofa ya juu, wanawake chini. Siku ya sita nilipanda ngazi. Kaka alikuwa amefungwa waya kwenye taya, anaongea kwa meno yaliyobanana.

"Nilikuona," akaniambia kabla sijakaa. "Usimsikilize Mama. Nilikuona."

"Najua."

"Mkuu alikuwa nyuma yangu. Asubuhi alituambia, mwenye ndugu humu ndani, leo hana ndugu. Nikajua ananitazama. Ndiyo maana nilipiga kwa nguvu."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Jicho lake moja lilikuwa linatoa machozi, sikujua ni kilio au ni dawa. Nikamwambia, "Na mimi nilikuona. Kipigo cha kwanza kilikuwa cha Kijiti. Cha pili cha mkono wangu. Cha tatu sijui kilikuwa cha nini, nilikipenda tu."

Akacheka, Mjomba. Akacheka mpaka waya ukamuumiza na nesi akaja kunifukuza.

Tangu hapo nilipanda ngazi zile kila siku mpaka alipotoka. Hatukusema mengi. Siku nyingine nilimwekea sikioni spika moja ya masikio ya simu yangu na mimi nikaweka nyingine, tukasikiliza albamu mpya. Wimbo wa nne alisema ngoma ni nzuri. Kisha akageukia ukutani, na nikamwacha.

Sasa jambo lenyewe linalonifanya nikuandikie kwa mkono huu mbovu. Kampuni ya walinzi inasema hakukuwa na amri yoyote, kwamba kila mlinzi alipiga kwa akili yake. Kesi ya walinzi imeshafunguliwa na itasikilizwa tarehe mbili Aprili. Mama atakupigia simu wiki hii. Atakuomba umtumie Kaka tiketi aje kwako kabla ya siku hiyo, akae mpaka upepo upite. Atalia. Nakusihi, usitume.

Si kwamba nataka afungwe. Mimi mwenyewe nilikwenda kituoni nikaandika maelezo yangu, na kipigo cha tatu nimekiandika humo humo. Askari aliniuliza mara mbili kama nina hakika nataka kiwemo. Kama nitashtakiwa, nitajibu. Lakini Kaka akikimbia, mwenye kutoa amri atakuwa amepona, na Kijiti atakuwa amevunjwa na mtu asiyejulikana. Na Kaka atakuwa kwako huko na jicho moja, akiwabeba mapacha wako kwa mkono ule ule, bila kuwa amesema neno. Hilo litamla kuliko jela. Unamjua.

Kijiti nilikwenda kumwona nyumbani kwake, nikamwambia aliyemvunja ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nilidhani atanifukuza. Alinisogezea kiti. Akasema, "Basi mwambie aje aseme mbele yangu. Sihitaji pole yake, nahitaji aseme nani alimtuma." Nimepeleka ujumbe huo ghorofani neno kwa neno.

Jana Kaka alitoka hospitali. Yuko chumba cha pili, anatembea akigonga kila kitu cha upande wa kushoto na Mama amehamisha kabati. Asubuhi ya leo aliomba kalamu. Ameandika kurasa mbili, jina la mkuu liko mstari wa kwanza. Bado hajazipeleka kituoni. Mama hajui. Amenipa nizifiche chini ya godoro langu, na mimi sitazipeleka kwa niaba yake.

Naishia hapa, vidole vimekufa ganzi. Msalimie mke wako, wabusu mapacha mashavuni, mwambie yule jirani yako fundi saa kwamba nimepata ile rekodi aliyoniulizia, nitaituma kwa posta. Shangazi anawasalimu na anasema muandike. Mama anawasalimu. Kaka naye anakusalimu; nilimuuliza kama niiandike salamu yake humu, akasema, "Andika. Na umwambie ni mimi niliyempiga yule mpiga ngoma."

Mungu awafunike huko mliko, na atupe sisi huku nguvu ya kufika tarehe mbili.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, kwa mkono wa kushoto,

Kifaranga