Mabati Kumi na Sita

Tabora, 9 Juni 1969

Mpwa wangu Mabruki,

Mama yako hajambo, na mbuzi wake kazaa mapacha.

Ile barua ya Kiingereza ya mhandisi wa barabara uliisoma ukaniambia, "Mjomba, wameamua, nyumba yako inavunjwa." Nikang'oa mabati kumi na sita kati ya ishirini na manne.

Jana padri mmoja wa Kipalapala kanisomea upya. "Mzee Mfaume, Waingereza wana maneno mengi ya fikra. Hili alilotumia mhandisi ni la wazo linalopita tu kichwani. Uamuzi una neno lake. Hapa chini anakuomba rai."

Nimelala usingizi mzito, japo chini ya nyota.

Rai nimempa: barabara yake aipitishe ng'ambo. Wewe njoo Jumamosi. Misumari ninayo, na ngazini utapanda wewe.

Mjomba wako,
Mfaume