Mizizi Kwenye Uji wa Shemeji

Jeniffer, shoga yangu, shemeji Nestori nusura atutoke leo!

Si unajua anameza vidonge vya sukari? Kumbe dada Générose kapewa dawa ya mizizi na mama mmoja wa kanisani kwao Nsemulwa, akawa anamchanganyia kwenye uji bila kumwambia. Eti apone kabisa! Mchana shemeji kalowa jasho, katetemeka, kaanguka palepale sebuleni.

Hospitali daktari kauliza, "Kuna dawa nyingine anatumia?" Dada akajibu, "Hakuna." Mama mkwe wake kasimama hapo hapo. Hakuna, Jeni! Hakuna!!

Wakampima, sukari imeshuka mno! Wakamtundikia dripu, akafumbua macho, sukari ikashuka tena. Daktari akarudi. "Mama, niambie ukweli nimsaidie."

Dada akapiga magoti. "Ni mimi. Nimempa mizizi."

Daktari anasema huenda ile mizizi nayo inashusha sukari, ikakutana na vidonge. Bado vyote vimo mwilini, hatujui itakuwaje.

Saa hizi shemeji kazinduka kidogo, anamwomba dada maji. Dada kashika kikombe, hathubutu kumsogelea. Ananiuliza mimi, "Nimnyweshe kwa mkono huu huu?"